Mgongo Wangu Si Habari ya Kisimani

Nililibeba mwenyewe debe la mchele mpaka kwenye gari la afisa aliyekuja kuchunguza kama kweli mgongo wangu hauwezi kubeba kitu. Kisha, kwa sababu alilikataa, nikalibeba tena kulirudisha ndani. Mtu akisikia hivi atasema nilirogwa. Hakuna aliyeniroga. Mimi ni mtu wa kiburi na hasira za karibu tangu ujana wangu, na nimeona niyaandike haya kwa sababu nimechoka kukaa nayo peke yangu. Nikitaka kuyaeleza yakaeleweka, lazima nianzie relini.

Nilifanya kazi ya reli miaka minne, upande wa Malampaka, wilaya ya Maswa. Kampuni iliyotuajiri siitaji, maana ugomvi wangu si na kampuni. Sisi tulikuwa genge la njia: kumwaga kokoto na kuzishindilia, kunyoosha reli kwa mitaimbo, kupanga mataruma. Taruma ni lile gogo la zege linalolala chini ya reli. Mengi hupangwa na mashine, lakini kuna mahali mashine haifiki, na hapo tulibeba kwa makoleo marefu ya kubania, watu wanane, wanne huku na wanne kule. Mmoja anaita, wote mnainua kwa pumzi moja, mnatembea taratibu. Na kanuni tuliyofundishwa kabla hata ya kupewa buti ilikuwa moja: mtu akiteleza, wote mnaachia. Taruma likivunjika ni taruma tu.

Asubuhi moja ya mvua yule wa mbele yangu aliteleza. Wenzangu wakaachia, wakaruka pembeni. Mimi sikuachia. Nilishikilia lile koleo kama mtu anayegombania ng'ombe wake na mwizi. Na sababu yenyewe inatia aibu: jana yake, wakati wa chakula, nilijisifu mbele ya genge zima kwamba sisi watu wa Dutwa tumekulia kwenye marobota ya pamba, mzigo hatuachii. Basi sikuachia. Nikasikia kitu kimekatika kiunoni, kimya kimya, nikakaa kwenye matope na nikashindwa kuinuka. Neno la kwanza nililomwambia msimamizi ni kwamba niko sawa. Bahati nzuri hakunisikiliza. Aliandika ajali kwenye kitabu chake na akatafuta gari la kunipeleka hospitali.

Huko walinipiga picha, wakasema pingili za chini zimebanana na kile kitu laini cha katikati kimetoka, kinagusa mshipa wa fahamu. Nikachomwa sindano, nikapumzishwa, nikarudishwa kwenye kazi nyepesi ya kushika bendera. Mkataba ulipoisha haukuongezwa, nami sikulalamika. Ng'ombe akivunjika guu hujikokota zizini. Nilirudi Dutwa na begi moja.

Maumivu yenyewe siyapambi. Kukaa kunauma, kusimama kunauma, kulala kuna upande mmoja tu unaokubali. Moto unaanzia kiunoni, unapita tako la kushoto, unashuka mpaka kwenye kidole gumba cha mguu. Nikitaka kupiga chafya lazima kwanza nishike ukuta. Na choo chetu ni cha kuchuchumaa, kama vya wengi. Kuchuchumaa niliweza, kuinuka ndiyo ilikuwa kazi. Mara mbili nilimwita mke wangu aje aniinue. Mara ya tatu sikumwita, nikakaa mle ndani mpaka jua likawa kali, na ni yeye aliyekuja kunitafuta. Siku hiyohiyo alichukua kiti kimoja cha plastiki, akakitoboa katikati kwa kisu alichokipasha moto, akakipeleka chooni. Nikakitumia. Sikumshukuru hata mara moja, maana kumshukuru kungekuwa kukiri kwamba kile kiti kipo.

Kazi zangu zote zikahamia kwake. Maji aliyafuata kisimani kwa baiskeli, madumu manne kila safari, na kurudi ni kupanda mlima akiisukuma. Magunia akabeba yeye. Msimu ulipofika, akashika plau. Kwetu kulima kwa ng'ombe ni kazi ya mwanamume. Mwanamke akishika plau na mume wake yuko hai, tena ana miguu yote miwili, watu wanasimama barabarani kuangalia. Binti yetu alitangulia kuongoza ng'ombe, mama yake nyuma ameng'ang'ania mikono ya plau, plau linamtupa huku na huku, na mimi nimekaa kwenye kiti kivulini napokea salamu za wapita njia. "Mwadila." "Mwadila." "Mhola?" "Mhola duhu." Amani tupu, hakuna neno. Kisukuma ndivyo kilivyo, hata kama nyumba inaungua nyuma yako kwanza unajibu mhola, mengine yanafuata. Mimi hayo mengine sikuyafikia kamwe.

Watu walikuwa na maneno yao. Siku ya kupima pamba kwenye kituo cha ununuzi, gunia letu lilipofika zamu, mke wangu akaliinua na mama mwingine kulipeleka kwenye mzani. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ambaye tunataniana tangu siku alipoleta mahari, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mwacheni bibi harusi akae, msije mkamharibia hina." Kituo kizima kikacheka. Na mimi nikacheka, tena nilicheka kuliko wote. Utani ni utani, ukikasirika umeshindwa. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nilimtukana moyoni.

Wiki hiyohiyo mama mmoja jirani, mtu mzima, akanipa pole mbele ya duka. "Pole baba. Nasikia hata dumu la maji hulinyanyui." Nikamwuliza amesikia wapi. Kisimani, akasema, na wala hakuona ubaya wowote.

Nilimkuta mke wangu anapepeta mtama uani.

"Mgongo wangu si habari ya kisimani," nikamwambia.

"Waliniuliza kwa nini kila siku ni mimi tu na baiskeli."

"Wakikuuliza, mimi mzima. Mtu yeyote akikuuliza, awe mjomba wako, awe mkuu wa mkoa, mimi mzima. Umenielewa?"

Aliweka ungo chini, akapangusa mikono kwenye kanga. "Nimeelewa," akasema, kisha akaokota ungo wake. Mke wangu si mtu wa maneno mengi, na akisema ameelewa, ameelewa.

Kuna jambo lingine la siku hizo ambalo ningeliruka kama ningekuwa naandika ili nipendwe. Mchana mmoja nilimwona anainuka kutoka mekoni. Alishika kiuno, akabana midomo, akanyooka nusu, akatulia kidogo, ndipo akamalizia kunyooka. Ndivyo ninavyoinuka mimi, hatua kwa hatua, na kila mtu nyumbani anaijua hiyo namna yangu. Damu ikanipanda.

"Unaniigiza?"

Akashtuka. "Hapana, baba."

"Nimekuona. Unaniigiza ili watoto wacheke."

Alisema hapana, ni moshi tu umemwingia machoni. Sikumwamini. Nilimnunia siku mbili nzima, chakula nikala nimempa mgongo, huohuo mgongo mbovu. Tangu siku hiyo sikumwona tena akishika kiuno mbele yangu, nami nikajipongeza kwamba nimemkomesha.

Habari za fidia nilizipata kwa mwenzangu wa genge. Alinipigia simu, akaniambia sheria inamruhusu mtu aliyeumia kazini kupimwa ulemavu wa kudumu hata kama mkataba umekwisha, mradi ajali iliandikwa. Ajali yangu iliandikwa. Nikaenda Bariadi mjini mara nne kwa ajili ya fomu, picha za hospitali, mihuri, nakala ya ule ukurasa wa kitabu cha msimamizi. Karatasi nilizipenda. Karatasi inasema pingili na mshipa wa fahamu, haisemi choo.

Nilikuwa na shabaha moja. Fidia ikitoka, nitaajiri kijana wa kushika plau na nitanunua punda na mkokoteni wa maji, mke wangu apumzike. Kila nilipokaa kwenye benchi la ofisi nilijiambia nipo pale kwa ajili yake. Ukweli haukuwa huo wote. Nilitaka watu waache kumwangalia, maana kila wakimwangalia yeye walikuwa wananiona mimi.

Kisha simu ikaja kwamba afisa wa fidia atafika nyumbani kuhakiki hali yangu. Jirani yangu mmoja, mtu mwema kabisa, alinipa ushauri ambao haukuombwa. "Tandika mkeka hapo uani, lala, ugumie kidogo. Wanataka kuona mgonjwa." Nikamjibu kwa ukali kwamba siwezi kuigiza ugonjwa ambao ninao kweli. Yalikuwa maneno mazuri, akaondoka ameinamisha kichwa. Lakini siku ilipofika na mimi niliigiza. Niliigiza uzima.

Nilimeza dawa za siku mbili kwa mara moja. Nikaoga, nikavaa shati lililopigwa pasi. Halafu nikamwambia mke wangu akakitoe kile kiti chooni, akifiche.

Akaniangalia. "Si ndicho wanachokuja kuangalia?"

"Wanakuja kuangalia nyumba ya mtu. Hawaji kuangalia choo."

Akakibeba mpaka ghalani, akakifunika kwa magunia matupu.

Afisa alikuwa binti, umri wa mdogo wangu wa mwisho, amevaa viatu vya mjini vilivyojaa vumbi letu. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba. Akajaribu na Kisukuma, "Mhola?" na sisi wote tukafurahi, nami nikamjibu kwa sauti ya kiume kabisa, "Mhola duhu, mayu," yaani mama. Nikampisha kiti kizuri, mimi nikabaki nimesimama, kwa sababu kilichobaki ni kigoda na kigoda siwezi. Yeye aliona mtu mwenye nguvu za kusimama saa nzima.

"Baba, mgongo unakusumbua kwa kiasi gani?"

"Siku mojamoja."

"Na kazi za shamba?"

"Tunasaidiana."

Kila nilichojibu aliandika. Kisha akaomba azungumze na mke wangu peke yake, wakaenda jikoni. Dirisha la jiko halina cha kuliziba, nilisikia yote. Alimwuliza kama nachota maji, mke wangu akasema nachota. Kama nalima, akasema nalima, na plau nashika mwenyewe. Binti akauliza, kwa upole, kama mara nyingi naugua.

"Mume wangu mzima," mke wangu akasema. "Hana shida yoyote."

Na niseme kweli, moyoni nilifurahi. Nilijua kabisa maneno yale yanakwenda kuandikwa wapi, na bado nilifurahi. Kwa muda mfupi pale uani nikawa yule mwanamume wa kabla ya reli, kwa sababu mke wangu alikuwa amemweleza mgeni hivyo.

Mgeni haondoki kwetu mikono mitupu. Tulikuwa tumemwandalia debe la mchele wa majaruba yetu. Mke wangu akainama kulinyanyua, na mimi nikaona jinsi itakavyokuwa: mwanamke anabeba, mwanamume mwenye shati la pasi anamfuata nyuma. "Acha," nikasema. Nikalichukua. Dawa zilikuwa bado zinafanya kazi, nikafika nalo kwenye gari nikitabasamu.

"Hapana, baba," binti akasema. "Nashukuru sana, ila haturuhusiwi kupokea kitu."

Nikabaki nimesimama nalo. Kuliweka chini kulihitaji kuinama, na nilijua nikiinama sitanyooka mbele yake. Mke wangu akasogea kulipokea, nikamkata jicho, akarudi nyuma. Basi nikageuka nalo debe langu, nikalirudisha mpaka ndani, hatua kwa hatua, na binti yule amesimama na daftari lake ananitazama. Gari lilipoondoka nilijilaza, na sikutoka kitandani kwa siku tano.

Baada ya wiki kadhaa niliitwa Bariadi kuchukua barua. Niliisomea palepale kwenye korido. Ilisema kwamba kwa maelezo ya mwenza wake na kwa yale aliyoyaona afisa, mdai anaendelea na shughuli zake za kawaida za kilimo, na kwa hiyo ulemavu wa kudumu haukuthibitika. Karani aliyenipa bahasha aliniangalia vile mtu anavyomwangalia tapeli asiye na ujanja. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nimeficha ugonjwa miaka yote hiyo, halafu leo naonekana mtu aliyejisingizia ugonjwa.

Aibu kwangu hugeuka hasira haraka. Nilifika nyumbani nikiwa tayari nimeyapanga maneno. Nikamsomea mke wangu barua, nikarudia mara mbili pale palipoandikwa mwenza wake. "Umeniponza," nikamwambia. "Umeniponza kwa mdomo wako mwenyewe."

Alikuwa anakata viazi vya michembe, vile vya kuanika, vimejaa kwenye beseni. Hakuacha kukata.

"Ulisema mtu yeyote," akasema. "Ulisema hata mkuu wa mkoa."

Hakuwa na kejeli. Laiti angekuwa nayo, ningepata pa kushika. Alikuwa ananikumbusha tu agizo langu, kama mtu anayekukumbusha ulikoweka jembe. Nikakaa kwenye kile kiti changu cha kivulini na barua mkononi, na hasira yote ikaniishia, ikabaki aibu peke yake. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi kifo sikukingoja, nilijiumbua mwenyewe nikiwa hai, na mwanamke niliyemfunga mdomo nikamtupia lawama kwa sababu hakuufungua.

Nilikaa hivyo siku kadhaa. Mwisho ni yeye aliyeichukua ile barua juu ya kabati, akaniwekea kidole pale chini, kwenye mstari unaosema asiyeridhika anaweza kuomba shauri lake liangaliwe upya.

"Tuombe," akasema.

"Nitawaambia nini?"

"Yaliyopo."

"Na wewe wakikuuliza?"

"Mimi ulinikataza. Unipe ruhusa."

Nilisema nitafikiri. Nilifikiri mwezi mzima, fikiria, mwezi mzima wa yeye kusukuma baiskeli, wakati lilikuwa ni neno moja tu la kusema.

Mwishowe niliandika ombi, ile ruhusa bila kuitamka, tukaitwa Bariadi. Asubuhi ile alinifunga kamba za viatu kama kila siku, amepiga magoti mbele yangu, tukaenda. Ndani ya chumba walikuwa watatu: daktari mtu mzima mwenye mvi, binti yuleyule wa daftari, na karani. Daktari alinilaza kwenye meza, akaniinua mguu, akanichoma vidole vya mguu kwa sindano akiuliza nasikia au sisikii. Kile kidole gumba sikusikia kitu. Nilipovaa akafungua faili.

"Afisa wetu alikuona umebeba debe mara mbili."

"Ni kweli."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa jibu refu lenye mambo ya mila na wageni. Lilinipotea. "Kiburi, daktari," nikasema. "Siku tano nilizougulia kitandani baada ya hapo, hakuna afisa aliyeziona." Karani akacheka, halafu akaona wenzake hawacheki, akaacha.

Wakamwita mke wangu. Alichutama kidogo akawasalimu, akakaa. Daktari akamwambia kwa heshima, "Mama, mara ya kwanza ulisema mumeo mzima. Leo unasemaje?"

Aligeuka akaniangalia mimi. Chumba kizima kikaniangalia mimi. Pale ndipo nilipoona wazi nilichokifanya: mtu mzima, mama wa watoto, anaulizwa swali na serikali yake na anasubiri mimi nimpe ulimi.

"Sema," nikamwambia. "Yote."

Akasema. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema viatu anafunga yeye, soksi anavalisha yeye. Alisema nikipiga chafya nashika ukuta, na kama ukuta uko mbali namshika yeye. Alisema maji, magunia, plau. Alisema kiti cha chooni alikitoboa mwenyewe kwa kisu cha moto, na siku ya ukaguzi kilikuwa ghalani chini ya magunia. Binti wa daftari akainamisha kichwa. Nilidhani amefika mwisho.

"Na ng'ombe wakitoka kwenda kulima," akasema, "anageukia ukutani analia. Anafikiri tumeshaondoka."

Hilo sikujua kwamba analijua. Sikuwa na pa kuweka macho, nikayaweka kwenye viatu, na viatu vyenyewe kamba zake alizifunga yeye.

Daktari aliandika muda mrefu. "Asante, mama," akasema. "Unaweza kuinuka ukapumzike nje."

Mke wangu akainuka. Aliweka mkono kiunoni. Akabana midomo, akanyooka nusu, akatulia, ndipo akamalizia kunyooka.

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, na wewe ulifanya kazi reli?"

Karani alidhani ni mzaha. Mke wangu akatabasamu kwa aibu, kama mtu aliyekamatwa na kitu cha watu. "Hapana, baba. Treni hata kuipanda sijawahi."

"Hicho kiuno kimeanza lini?"

Akaniangalia tena. Ruhusa ya yote nilikuwa nimeshampa, lakini yote ile ilikuwa ya mgongo wangu. Nikaitikia kwa kichwa aseme. "Msimu wa kwanza wa plau," akasema. Nikahesabu. Kabla ya moshi. Kabla ya siku mbili nilizomnunia. Hakuwa ananiigiza. Alikuwa anaumwa, na kwa sababu yangu akajifunza kuinuka mahali ambapo simwoni.

Daktari alisema fomu iliyo mbele yake ni ya baba peke yake, mama aende hospitali kama mgonjwa mwingine. Hakuwa na fomu ya mama. Nani angekuwa nayo.

Fidia ilikubaliwa, si yote niliyoitumaini, lakini ilikubaliwa. Punda yupo, mkokoteni upo, kijana wa plau yupo. Watu waliacha kusimama barabarani, na sikuifurahia hiyo nafuu nilivyokuwa nimepanga kuifurahia. Siku tuliyomaliza kumnunua punda nilimwambia mke wangu avae, tunakwenda hospitali. Akasema kuna pamba ya kuchambua. Nikamwambia pamba itangoja.

Daktari wa pale alikuwa kijana. Mlango wa chumba chake haukufungika vizuri, na benchi la nje lilijaa watu, wengine wa upande wetu wa Dutwa, yule mama jirani aliyenipa pole mbele ya duka naye akiwemo. Kijana akachukua kalamu.

"Mama, hali yako?"

"Mzima tu," mke wangu akasema. "Mhola duhu."

Akaanza kuandika.

"Usiandike," nikamwambia. "Si mzima. Mimi ndiye niliyemkataza kusema."

Kijana akatuangalia mmoja mmoja. Akauliza, basi tatizo lilianzaje, alianguka, au kuna mzigo mzito alibeba?

"Alibeba," nikasema. "Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti."

Nje kwenye benchi maneno yakakatika. Mke wangu akanigusa goti chini ya meza, kunionya kwamba mlango uko wazi, watu wanasikia, inatosha. Nikaushika mkono wake, nikaendelea kusema, kwa sauti ileile, nikaanzia kisimani.